Barua ya Kuomba Kazi Uvira: Yanayoifanya Isomwe

Barua ya kuomba kazi ni ukurasa mmoja unaoambatana na CV na vyeti. Kazi yake ni kumwonyesha mwajiri kwamba mwombaji ameielewa nafasi iliyotangazwa na kwamba anaweza kuifanya. Mjini Uvira, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kwenye mwambao wa kaskazini-magharibi wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Kavimvira mpakani na Burundi hadi Baraka katika wilaya ya Fizi, wengi huijua kwa jina lake la Kifaransa, lettre de motivation, na matangazo mengi ya kazi za ofisini na za miradi huidai. CV huorodhesha shule na kazi alizopitia mtu. Barua huchagua machache kati ya hayo na kueleza yanahusiana vipi na kazi inayoombwa.

Umuhimu wake umekua kadiri soko la ajira la mji lilivyobadilika. Kiwanda cha sukari cha Kiliba, kilichokuwa mwajiri mkubwa wa bonde la Ruzizi, kilisimama wakati wa vita vya miaka ya 1990. Leo mishahara ya Uvira hutoka kwa Serikali, shule, hospitali na vituo vya afya, mawakala wa forodha wa bandari ya Kalundu na mpaka wa Kavimvira, vyama vya akiba na mikopo, na mashirika ya misaada, yaani ONG. Mashirika hayo huajiri kufuatana na dharura. Kipindupindu hakijaacha kuusumbua mji kwa miaka mingi. Tangu 2015 wakimbizi wa Burundi wamehifadhiwa katika kambi ya Lusenda, wilayani Fizi. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kubomoa nyumba nyingi. Kila mradi unaozaliwa na mambo kama hayo huhitaji watu kwa haraka: wadodosaji, wahamasishaji, wauguzi, watunza ghala, madereva, wahasibu. Mikataba mara nyingi ni ya miezi michache, na tangazo huweza kufungwa baada ya siku chache tu. Anayejua kuandika barua nzuri bila kuchelewa ana nafasi ambayo mwenzake mwenye diploma ileile hana.

Kwanza kulisoma tangazo

Barua nzuri huanza na tangazo. Matangazo hubandikwa kwenye mbao za mashirika na za ofisi za Serikali, husambazwa katika makundi ya WhatsApp, na huwekwa kwenye tovuti kama mediacongo.net na ReliefWeb. Lililofika kwa WhatsApp likiwa picha iliyokatwa au maandishi yaliyonakiliwa nusu halitoshi. Inafaa kulitafuta lilikotoka, maana mara nyingi kilichokatwa ndicho cha lazima: namba ya kumbukumbu, anwani ya kupeleka, au saa ya mwisho ya kupokea maombi.

Tangazo husomwa kwa kalamu mkononi, na mambo manne hupigiwa mstari. La kwanza ni jina kamili la nafasi, namba yake na mahali pa kazi. La pili ni majukumu, yaani kazi yenyewe itakayofanywa kila siku. La tatu ni masharti, na hapa maneno mawili ya Kifaransa yanastahili uangalifu: kinachoitwa exigé ni cha lazima, na kinachoitwa atout huongeza alama lakini kukikosa hakumwondoi mtu. Wapo vijana wanaoacha kuomba kwa kukosa jambo lililoandikwa kuwa atout tu. Jambo la nne ni namna ya kupeleka maombi: kwa barua pepe au kwa bahasha iliyofungwa, kwa karatasi gani, na kabla ya siku na saa gani.

Usomaji huo una sababu. Katika mashirika mengi mchujo wa kwanza hufanywa na kamati ndogo yenye jedwali. Kila sharti la tangazo lina safu yake na alama zake, na kila dosie, yaani barua pamoja na karatasi zinazoambatana nayo, hupitiwa kwa kutafuta jibu la kila safu. Mwenye kusoma ana dosie nyingi mezani na muda mfupi. Barua inayojibu masharti kwa mpangilio uleule wa tangazo humrahisishia kazi, na alama huingia mahali pake. Barua isiyoyajibu, hata ikiwa imepambwa kwa Kifaransa kizuri, humwacha bila cha kuandika kwenye jedwali.

Umbo la barua

Kongo hufuata umbo la barua za kiofisi lililorithiwa kutoka kwa utawala wa Kibelgiji. Juu kushoto huandikwa jina la mwombaji, mtaa, simu na barua pepe. Upande wa kulia huwekwa mahali na tarehe, kwa mfano Uvira, le 14 mars 2025, kisha cheo cha anayeandikiwa na jina la shirika. Ni bora kumwandikia mwenye cheo kilichotajwa kwenye tangazo, awe mkuu wa kituo au msimamizi wa wafanyakazi, kuliko kumtaja mtu kwa jina ambalo pengine ameshahamishwa. Chini yake hufuata mstari wa mada, ambao Kongo huanza na neno Concerne, na hapo huandikwa nafasi na namba ya tangazo bila maneno ya ziada. Barua za ofisi za Serikali huwa pia na orodha ya wakubwa waliopelekewa nakala. Katika barua ya kuomba kazi orodha hiyo haihitajiki, na kumtaja mkubwa wa mji au kiongozi wa dini ili mwajiri aogope huharibu barua.

Mwili wa barua hukaa katika aya tatu au nne. Walimu wa Kifaransa hufundisha mpangilio wa ninyi, mimi, sisi: aya ya kwanza humhusu mwajiri na mahitaji yake, ya pili humhusu mwombaji na aliyoyafanya, ya tatu hueleza watakavyofanya kazi pamoja. Mpangilio huo unafaa kwa sababu unamlazimisha mwombaji aanze na kazi kabla ya kujizungumzia. Kurasa mbili ni nyingi mno. Mwisho huja maneno ya heshima, jina na sahihi. Iwapo tangazo linaomba barua ya mkono, huandikwa kwa wino wa rangi moja, kwenye karatasi safi isiyo na mistari iliyofutwa.

Heshima na malalamiko

Barua nyingi za Uvira hufunguliwa kwa maneno J'ai l'honneur de venir auprès de votre haute bienveillance, yaani ninayo heshima ya kuja mbele ya wema wenu mkuu. Adabu hiyo ilikomaa katika ofisi za ukoloni, na ofisi za Serikali zimeendelea nayo. Haina ubaya ikiwa ni mstari mmoja. Mkubwa wa ofisi ya Serikali au wa shule ya kanisa anaweza hata kuona kasoro isipokuwapo. Shirika la kimataifa halitajali isipokuwapo. Mwombaji hupima anamwandikia nani, kisha huchagua.

Madhara huanza pale unyenyekevu unapojaza ukurasa mzima: mwombaji ni yatima, ana watoto saba, nyumba ilichukuliwa na maji, ada ya shule haijalipwa, anaomba ahurumiwe kwa jina la Mungu. Mambo hayo ni ya kweli kwa watu wengi wa Uvira, na hakuna aibu ndani yake. Ila jedwali la mchujo halina safu ya shida. Msomaji akiguswa moyo bado hana pa kuandika alama, na kati ya barua zile zile alizonazo nyingi zinaeleza shida kama hiyo. Zaidi ya hapo, barua ya malalamiko humnyima mwandishi wake nafasi ya kusema anachokijua. Mama aliyelea watoto saba kwa kuuza samaki amefanya hesabu kila siku, amekopa na kulipa, amejadiliana na wavuvi na wateja. Hayo ndiyo mwajiri anayoyatafuta, lakini hayasomi popote.

Kuandika ushahidi

Sentensi yenye nguvu katika barua ya kazi hujibu maswali haya: kazi gani ilifanywa, wapi, lini, kwa kiasi gani, na ikaleta nini. Anayeandika kwamba yeye ni mchapakazi, mwaminifu na mwenye uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo hajasema kitu, kwa kuwa kila mwombaji huandika hivyo. Anayeandika kwamba alitunza daftari la ghala la ushirika wa wakulima wa mpunga kwa misimu miwili, akipokea magunia na kuyatoa kwa hati yenye sahihi, ameonyesha uaminifu bila kulitaja neno lenyewe.

Vijana waliotoka shuleni husema hawana uzoefu wa kuandika. Mara nyingi wanao, ila hawajawahi kuuhesabu kuwa kazi. Miezi ya staji, yaani mafunzo ya kazi, hospitalini au kwenye ofisi ya forodha ni uzoefu. Kazi ya kuhitimu, ile inayoitwa TFC, ni uzoefu wa kukusanya habari na kuziandika, hasa ikiwa ilihitaji kuhoji watu katika mitaa. Wanaojitolea kama relé wa jamii, wanaopita nyumba kwa nyumba kueleza namna ya kutia klorini kwenye maji, wana ujuzi unaohitajika na kila mradi wa kipindupindu. Mweka hazina wa kwaya, katibu wa chama cha vijana, mwalimu wa masomo ya jioni, kijana aliyeuza katika duka la familia: kila mmoja ana la kusema, ilimradi aseme kwa vitendo na kiasi.

Ukweli ndio mpaka wa yote. Mji ni mdogo, wasimamizi wa miradi wanafahamiana, na simu moja kwa mwajiri wa zamani hutosha kufichua miaka iliyoongezwa. Kasoro iliyosemwa waziwazi, kwa mfano kwamba mtu anaelewa Kirundi lakini hakiandiki, humfanya msomaji aamini na yale mengine.

Mfano

Mfano ufuatao umetungwa. Ni wa kijana anayeomba kazi ya uhamasishaji wa maji na usafi. Mjini Uvira barua kama hii ingeandikwa kwa Kifaransa. Hapa imewekwa kwa Kiswahili ili muundo wake uonekane.

Mheshimiwa Mkuu wa Kituo,

Tangazo lenu linaomba wahamasishaji wa maji na usafi watakaoingia nyumba kwa nyumba katika mitaa ya Kasenga na Kavimvira, kujaza fomu kwa simu, na kuzungumza Kiswahili na Kifuliiru. Ninaomba nafasi mojawapo.

Tangu 2022 ninajitolea kama relé wa jamii Kasenga. Kila wiki hutembelea kaya 20, huonyesha namna ya kutibu maji ya ziwa na ya mto kabla ya kunywa, na humpelekea muuguzi mkuu habari za wanaoharisha. Mwaka 2023 nilikuwa mdodosaji kwa siku 12 katika uchunguzi wa vyoo vya mtaa, nikijaza majibu kwa KoboCollect kwenye simu. Nina Diploma ya Serikali ya pedagojia. Nazungumza Kiswahili, Kifuliiru na Kifaransa. Kirundi nakielewa bila kukiandika.

Kwa kuwa naishi Kasenga, najua visima vinavyokauka na familia zinazochota ziwani bomba likikatika. Ningependa kuyatumia hayo katika kupanga ziara za timu yenu tangu wiki ya kwanza. Niko tayari kwa mtihani na mahojiano siku mtakayopanga.

Pokeeni, Mheshimiwa Mkuu wa Kituo, heshima zangu.

Aya ya kwanza imerudia masharti ya tangazo ili msomaji ajue kwamba yamesomwa. Ya pili imeyajibu moja baada ya jingine, kwa mwaka, mahali na kiasi. Ya tatu imetoa kitu ambacho mwombaji wa mbali hawezi kukitoa, yaani kuujua mtaa. Hakuna sentensi inayoweza kuhamishwa kwenye barua ya mtu mwingine bila kuwa uongo.

Kipimo hicho kinawafaa wote. Katika vibanda vya kuchapa, vile vinavyoitwa sekretaria, huwa kuna barua moja iliyohifadhiwa kwenye kompyuta, na mteja hubadilishiwa jina na tarehe tu. Programu za simu zinazotunga maandishi nazo hutoa barua zinazofanana. Msaada wa mchapaji au wa programu katika kusahihisha Kifaransa ni jambo jema. Maudhui lazima yatoke kwa mwenye kuomba.

Lugha, na yasiyohitajika

Katiba ya Kongo ya 18 Februari 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Ndiyo sababu barua za kazi huandikwa kwa Kifaransa hata pale kazi yenyewe itakapofanywa kwa Kiswahili kutoka asubuhi hadi jioni. Kanuni rahisi ni kufuata lugha ya tangazo: likitoka kwa Kiingereza, barua huandikwa kwa Kiingereza. Ng'ambo ya ziwa, nchini Tanzania, mambo ni tofauti. Anayeomba kazi ya Serikali kupitia Sekretarieti ya Ajira huweza kuandika barua yake kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na mada huanza kwa YAH. Mkazi wa Uvira anayetafuta kazi Kigoma hubadili umbo na lugha. Ushahidi wake haubadiliki.

Lugha za kwao mwombaji ni nyenzo ya kazi, na zitajwe kwa kiwango cha kweli: Kifuliiru, Kivira, Kibembe, Kinyamulenge, Kirundi. Muuguzi anayemwelewa mgonjwa bila mkalimani ana thamani kubwa Uvira. Kabila ni jambo jingine, na halina nafasi katika barua. Sheria ya Kazi namba 015/2002 ya 16 Oktoba 2002 inakataza kumfukuza mtu kazini kwa sababu ya kabila, dini, jinsia, hali ya ndoa au mimba, na Ibara ya 36 ya Katiba inaitaja kazi kuwa haki na wajibu mtakatifu wa kila Mkongomani. Kwa sababu hiyohiyo mwanamke halazimiki kueleza katika barua kama ameolewa au ana mtoto anayenyonya. Maneno candidatures féminines encouragées, yanayoonekana katika matangazo mengi, yana maana ya kuwaalika wanawake waombe, nao hawana sababu ya kusita.

Dosie na kuipeleka

Barua husafiri pamoja na CV, nakala za vyeti, kitambulisho, ambacho kwa wengi ni kadi ya mpiga kura, na mara nyingine kadi ya mtafuta kazi ya ONEM, ofisi ya taifa ya ajira, au hati ya kazi zilizopita. Kinachopelekwa ni kile tangazo lilichoomba. Vyeti halisi havitolewi kamwe, nakala tu.

Dosie ya karatasi hufungwa katika bahasha yenye jina la nafasi na namba ya tangazo. Ni vyema kuchapa nakala mbili za barua, moja ikaachwa na nyingine ikapigwa muhuri wa mapokezi, kisha kusaini kwenye daftari iwapo lipo. Muhuri huo ni ushahidi kwamba dosie ilifika kwa wakati. Kwa barua pepe, mada huandikwa kama tangazo lilivyoagiza, karatasi zote huwekwa katika PDF, na faili hupewa jina la mwombaji na la nafasi. Anwani ya barua pepe iwe na jina la mtu badala ya jina la utani. Kwa kuwa umeme na intaneti hukatika Uvira bila taarifa, anayengoja saa ya mwisho hujiweka hatarini. Siku moja kabla ni salama zaidi. Kabla ya kutuma, mtu mwingine aisome barua kwa sauti, kwa maana jicho la mwandishi huruka makosa yake.

Kazi hailipiwi

Hakuna malipo halali ya kupokea dosie, kuandikishwa kwenye orodha ya mtihani au kupitishwa kwenye mchujo, na mashirika mengi huliandika hilo chini ya tangazo. Anayeomba fedha, au sehemu ya mshahara wa kwanza, anaiba. Anayeomba mwili anatenda uovu mkubwa zaidi. Mashariki ya Kongo imeliona jambo hilo. Septemba 2021 tume huru iliyoundwa kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani ilieleza jinsi wanawake walivyoahidiwa kazi kwa kubadilishana na ngono wakati wa mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020. Sheria namba 06/018 ya 20 Julai 2006 inauadhibu unyanyasaji wa kingono, na mashirika yana namba na masanduku ya kupokea malalamiko. Ujumbe wa simu ulioomba rushwa au mapenzi usifutwe. Ndio ushahidi.

Baada ya kupeleka

Matangazo mengi husema kwamba watakaoitwa ni wale tu waliochaguliwa, kwa hiyo ukimya si tusi, na wala haupimi thamani ya mtu. Baada ya wiki mbili tangu siku ya mwisho inakubalika kuuliza mara moja, kwa ujumbe mfupi wenye namba ya tangazo. Simu ya mwombaji ibaki wazi, na ile iliyoandikwa kwenye barua isibadilishwe. Nakala ya kila barua ihifadhiwe pamoja na tangazo lake, kwa sababu tangazo linaweza kuondolewa kabla ya siku ya mahojiano.

Anayeitwa hufanya mtihani wa maandishi, kisha hukaa mbele ya kamati. Maswali mengi hutoka ndani ya barua yenyewe: kaya hizo 20 zilichaguliwaje, fomu iliyojazwa vibaya ilisahihishwaje, ghala lilipopungukiwa na gunia nani aliarifiwa. Aliyeandika aliyoyafanya kweli hujibu bila kuhangaika. Usiku wa kuamkia mahojiano, maandalizi bora ni kuichukua barua hiyo na kutafuta kwa kila sentensi tukio moja la kuisimulia.